Pikipiki Darasani: Kufundisha Breki na Shokapu za Mbele kwa Vipimo

1. Utangulizi

Katika vijiji na miji yetu hapa Tanzania, ni vyombo vichache vya moto vilivyo karibu na mtoto wa shule ya msingi kama pikipiki. Pikipiki humpeleka mama yake zahanati, huleta gunia la mkaa kutoka porini, na mara nyingi humbeba mtoto mwenyewe asubuhi anapokwenda shule. Hata hivyo, tukiyatazama maandalio ya masomo ambayo wanachuo huyaleta wakati wa mazoezi ya kufundisha, twaona kwamba msuguano bado hufundishwa kwa sanduku linaloburutwa sakafuni, na nyenzo hufundishwa kwa mtaimbo unaoinua jiwe. Mifano hiyo si mibaya. Tatizo lake ni kwamba mtoto huiacha darasani kengele inapolia.

Makala haya yakusudia kumwonyesha mwanachuo jinsi ya kuitumia pikipiki iliyosimama uwanjani kuwa zana ya kufundishia somo la msuguano, nyenzo na springi katika darasa la tano au la sita. Tutaeleza maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo kabla ya kuingia darasani, majaribio yanayoweza kufanywa kwa vitu visivyo na gharama, na mambo ambayo mwenye pikipiki aweza kuyatengeneza nyumbani ili breki na shokapu za mbele zifanye kazi vizuri zaidi. Kwanza, lakini, yatupasa kueleza kosa letu wenyewe, kwa sababu makala haya yametokana nalo.

2. Kosa tulilolifanya

Wakati mmoja wa mazoezi ya kufundisha, tuliketi nyuma ya darasa tukimsikiliza mwanachuo aliyekuwa akifundisha msuguano. Somo lilikwenda vizuri. Alipofika kwenye matumizi, aliandika ubaoni: "Breki huongeza msuguano." Mtoto mmoja akanyosha mkono akauliza: "Mwalimu, mbona baba husema breki ya mbele isiguswe?" Mwanachuo akajibu bila kusita: "Baba yako asema kweli. Breki ya mbele hupindua. Breki salama ni ya nyuma." Mtoto yule hakuketi. Akauliza tena: "Basi kwa nini waliiweka?" Watoto wakacheka, mwalimu akasema wataendelea kesho, na sisi katika fomu ya tathmini tukaandika kwamba maswali ya wanafunzi yalijibiwa vema.

Wiki chache baadaye mwanachuo huyo alikuwa akiteremka mlima kwa pikipiki aliyoiazima. Ng'ombe wakavuka njia. Akakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zake zote, gurudumu likafunga, pikipiki ikateleza ubavuni mpaka mtaroni. Alivunjika mfupa wa bega. Tulipoitazama pikipiki ile baadaye, tulikuta waya wa breki ya mbele umeliwa na kutu mpaka haukuweza kuvutika. Haukuwa umetumika kwa muda mrefu.

Hatusemi kwamba jibu lililotolewa darasani ndilo lililomwangusha. Alikuwa akiamini hivyo kabla hajaja chuoni, kama waaminivyo madereva wengi. Twasema kwamba darasa zima la watoto liliondoka siku ile na imani hiyohiyo, ikiwa sasa imethibitishwa na mwalimu, na ikapewa alama nzuri na wakufunzi. Swali la mtoto yule lilikuwa ndilo somo lenyewe, nasi tuliliacha lipite.

3. Maarifa anayopaswa kuwa nayo mwalimu

(a) Kinachosimamisha pikipiki. Yafaa mwalimu aanze na ukweli huu: breki husimamisha gurudumu, lakini kinachosimamisha pikipiki ni msuguano kati ya tairi na ardhi. Breki nzuri juu ya tairi lililolika, au juu ya barabara yenye matope, haina pa kushikia. Kwa hiyo swali la kujiuliza kila mara ni hili: je, tairi limekandamizwa kwenye ardhi kwa uzito kiasi gani, na je, linaendelea kuigusa?

(b) Uzito huhamia mbele. Kila aliyepanda basi ajua kwamba dereva akifunga breki, abiria husukumwa mbele. Ndivyo ilivyo kwa pikipiki. Kitovu chake cha uzito kiko juu ya ardhi, nayo kani ya kusimamisha iko chini kwenye matairi. Hivyo pikipiki hutaka kuinamia mbele. Gurudumu la mbele huongezewa mzigo na la nyuma hupunguziwa. Tuchukue mfano. Pikipiki ndogo na dereva wake wana jumla ya kilo 180, na zinaposimama kila gurudumu hubeba kilo 90. Umbali kati ya ekseli mbili ni mita 1.2, na kitovu cha uzito kiko mita 0.6 kutoka ardhini. Mwendo ukipunguzwa kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde, mzigo unaohamia mbele ni 180 × 5 × 0.6 ÷ 1.2, yaani newtoni 450, ambao ni sawa na uzito wa kilo 45 hivi. Sasa gurudumu la mbele limebeba kilo 135 na la nyuma 45 tu. Gurudumu lililobeba mara tatu ndilo lenye msuguano mkubwa, na hilo ndilo ambalo dereva wetu ameambiwa asiliguse!

(c) Umbali wa kusimama. Mwendo wa kilomita 36 kwa saa ni mita 10 kwa sekunde, nao ni rahisi kwa hesabu za darasani. Tukikadiria kwamba kwenye lami kavu breki ya nyuma peke yake hupunguza mwendo kwa mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde, na breki zote mbili hupunguza kwa mita 6, umbali wa kusimama kwa breki ya nyuma peke yake ni mita 16.7, na kwa breki zote mbili ni mita 8.3. Tofauti ni zaidi ya mita 8, karibu urefu wa chumba cha darasa. Tena, kabla ya dereva kuigusa breki, akichelewa sekunde moja tu tangu aone hatari, amekwisha kwenda mita 10 nyingine. Na mwendo ukiongezwa mara mbili, umbali wa breki huongezeka mara nne.

(d) Ni lini breki ya mbele huangusha? Imani ya madereva haikuzuka bure. Breki ya mbele huangusha ikibanwa ghafula kabla uzito haujahamia mbele. Ikibanwa juu ya mchanga, kokoto au matope. Au ikibanwa wakati usukani umepindwa katika kona. Mwenye kuibana polepole, kisha kwa nguvu zaidi kadiri uzito unavyohamia, huku pikipiki ikiwa wima na usukani umenyooka, huipata nguvu yake yote. Katika barabara ya vumbi huibana kwa upole zaidi. Akiwa amempakia abiria au mzigo nyuma, breki ya nyuma huwa na kazi kubwa kuliko ilivyokuwa, lakini hata hapo zote mbili hutumika pamoja.

(e) Kazi ya shokapu za mbele. Uma wa mbele una miguu miwili. Katika kila mguu bomba jembamba linalong'aa huingia ndani ya bomba nene. Ndani yake mna springi na oili. Springi huubeba uzito. Oili hupita kwa shida katika matundu madogo, na kwa kufanya hivyo huituliza springi isiendelee kuruka. Springi bila oili ni kama kitanda cha chuma ambacho mtoto hukirukia: hupanda na kushuka mara nyingi. Gurudumu linaloruka huiacha ardhi, na likiiacha ardhi, breki yake haina kazi. Springi iliyochoka nayo huzama mpaka mwisho dereva anapofunga breki, na kutoka hapo kila jiwe la njiani hupiga moja kwa moja kwenye usukani. Kwa sababu hiyo breki na shokapu ni somo moja, wala hazifai kutenganishwa.

Katika historia, kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa mwaka 1935 pikipiki za R12 na R17 zilizokuwa na uma wa mabomba wenye kutulizwa kwa oili. Mwaka 1969 Honda ya Japani ilitoa CB750, pikipiki iliyoundwa kwa wingi ikiwa na breki ya diski mbele inayosukumwa kwa maji ya breki. Pikipiki nyingi ndogo za kwetu zina breki za drumu, mbele ikivutwa kwa waya na nyuma kwa fito, ingawa zenye diski mbele nazo zimeongezeka.

4. Majaribio manne

Jaribio la kwanza: mzigo na msuguano. Weka tofali juu ya ubao mezani. Lifunge kamba ipitie ukingo wa meza, na mwishoni mwa kamba tundika kopo tupu. Wanafunzi watie mawe madogo ndani ya kopo, moja moja, mpaka tofali lianze kusogea. Wahesabu mawe. Kisha waweke tofali la pili juu ya la kwanza na warudie. Wataona kwamba yahitajika mawe karibu mara mbili. Halafu mwaga punje za mahindi juu ya ubao chini ya tofali na urudie. Mawe yatapungua sana. Hizo ndizo kokoto za barabarani.

Jaribio la pili: kuhama kwa uzito. Jaza maji nusu katika chupa inayoonyesha, ilaze juu ya kigari cha mbao, ukivute kisha ukisimamishe ghafula. Maji hukimbilia mbele na kupanda. Baadaye, uwanjani, mwalimu aisukume baiskeli akitembea kando yake, abane breki ya mbele, na wanafunzi watazame gurudumu la nyuma. Huwa jepesi na hutaka kuinuka. Abane breki ya nyuma peke yake: gurudumu la nyuma hufunga na kuburutwa, likiacha alama mchangani. Alama hiyo ipimwe.

Jaribio la tatu: uzi kwenye shokapu. Hili ndilo jaribio tunalolipenda kuliko yote, kwa maana hupatikana kwa uzi wa kushonea tu. Pikipiki isimame wima ikishikwa na watu wazima wawili, injini imezimwa na ufunguo umetolewa. Ikiwa shokapu imevikwa mpira wa kuzuia vumbi, mpira huo upandishwe. Mwalimu afunge uzi kwa kubana kidogo kuzunguka bomba linalong'aa, ausukume mpaka ukingo wa bomba nene. Kisha mwenye pikipiki akae juu yake taratibu, ashuke taratibu. Uzi utabaki juu ya mahali ulipokuwa, na rula itaonyesha shokapu ilizama sentimita ngapi. Urudishwe uzi mahali pake. Sasa mwenye pikipiki abane breki ya mbele na ausukume usukani chini kwa nguvu, kama anayefunga breki barabarani. Ipimwe tena. Wanafunzi waandike vipimo vyote katika jedwali.

Kwa kawaida shokapu ikibeba dereva peke yake huzama kati ya robo na theluthi ya urefu wote inaoweza kuzama. Ikiwa urefu huo ni sentimita 12, basi kuzama kwa sentimita 3 hadi 4 ni sawa. Ikizama zaidi ya hapo, springi imechoka au mzigo umezidi.

Jaribio la nne: kazi ya oili. Tundika jiwe kwenye mpira uliokatwa katika tyubu ya baiskeli, ulivute chini na uliachie; wanafunzi wahesabu ni mara ngapi linapanda na kushuka kabla ya kutulia. Sasa funga chini ya jiwe kifuniko kipana cha kopo, na litundikwe hivi kwamba kifuniko kimo ndani ya ndoo ya maji. Mara za kuruka hupungua sana. Toboa matundu manne katika kifuniko, urudie. Toboa mengine manne, urudie tena. Kadiri maji yanavyopata njia, ndivyo jiwe linavyoruka zaidi. Mtoto aliyelifanya jaribio hili ajua kwa nini shokapu iliyovuja oili ni hatari.

5. Mpangilio wa masomo

Twapendekeza vipindi vitatu vya dakika 40.

Kipindi cha kwanza (darasani). Utangulizi wa dakika 5: mwalimu aulize, "Ni nani amepanda pikipiki wiki hii? Dereva alitumia breki gani?" Majibu yaandikwe ubaoni yote, hata yasiyo sahihi, wala mwalimu asiyasahihishe. Dakika 25 ni za jaribio la kwanza na lile la chupa. Dakika 10 za mwisho wanafunzi waandike walichokiona kwa maneno yao wenyewe.

Kipindi cha pili (uwanjani). Jaribio la baiskeli, kisha la uzi. Darasa ligawanywe katika vikundi, na kila kikundi kiwe na msomaji wa rula na mwandishi wa vipimo. Mwenye pikipiki asikilizwe kwa heshima. Ni mgeni wa somo, wala asiulizwe maswali ya kumwaibisha mbele ya watoto.

Kipindi cha tatu (darasani, kikiunganishwa na Hisabati). Jaribio la nne, kisha hesabu za umbali wa kusimama. Wanafunzi wapime kwa kamba uwanjani mita 8.3 na mita 16.7, wasimame kwenye alama hizo, watazamane. Mwishoni mwalimu arudi kwenye yale majibu ya siku ya kwanza na awaulize wanafunzi ni yapi wangependa kuyabadilisha.

Muhtasari wa ubaoni uwe mfupi:
 – Breki husimamisha gurudumu. Ardhi husimamisha pikipiki.
 – Tukifunga breki, uzito huhamia mbele.
 – Shokapu hulishikiza tairi kwenye ardhi.

6. Kazi ya nyumbani ya mwenye pikipiki

Mwalimu aliyefundisha somo hili ataulizwa na wazazi: "Basi ya kwangu nitaitengenezaje?" Wengi wa wanachuo nao watakuwa na pikipiki zao katika vituo vya kazi vilivyo mbali na mafundi. Mambo yafuatayo hufanyika nyumbani kwa spana za kawaida.

Waya wa breki. Ufunguliwe, utiwe oili nyepesi mpaka itokee upande wa pili, na uangaliwe mwisho wake. Ukiwa na uzi mmoja uliokatika, ubadilishwe. Usingojwe ukatike wote. Mkono wa breki uwe na nafasi ya kucheza kati ya sentimita 1 na 3 katika ncha yake kabla breki haijaanza kushika, kwa kadiri kitabu cha pikipiki kinavyoagiza. Ukikosa nafasi hiyo, breki huburuta na kupata moto. Ikizidi, mkono hugota usukani kabla pikipiki haijasimama.

Pembe ya mkono wa drumu. Hapa ndipo somo la nyenzo linapoonekana. Waya huvuta kishikio kidogo kilicho kwenye drumu. Nguvu hupatikana zaidi waya na kishikio vinapokutana kwa pembemraba wakati breki imebanwa. Vipande vya ndani vikiisha, kishikio huzunguka kupita pembe hiyo, na dereva hubana kwa nguvu akipata kidogo. Wengi hudhani dawa ni kukaza nati ya waya zaidi. Kwanza ifunguliwe drumu na vipande vitazamwe. Vikiwa vimelika kufikia kipimo cha mwisho, vibadilishwe.

Usafi wa drumu. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, kwa kuwa vipande vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huharibu mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kibichi. Vipande vikiwa vimeng'aa kama kioo, visuguliwe kidogo kwa msasa. Vikiwa vimeingiwa na oili au grisi, havisafishiki. Ni vya kutupwa.

Kurudisha gurudumu la mbele. Bamba la breki lina mfereji ambao hauna budi kuingia katika ulimi ulio kwenye mguu wa shokapu. Ukikosea hapo, bamba zima litazunguka siku ya kwanza ya kufunga breki, na gurudumu litajifunga. Twasisitiza jambo hili: liangaliwe kwa macho na kuguswa kwa mkono. Kisha, kabla ya kukaza nati ya ekseli, gurudumu lizungushwe, breki ibanwe kwa nguvu, na nati ikazwe breki ikiwa bado imebanwa. Kwa njia hiyo vipande hukaa katikati ya drumu na kushika kwa upana wao wote. Mafundi wengi wazoefu hufanya hivi, na haligharimu hata senti.

Breki ya diski. Mkono ukiwa laini kama sponji, hewa imeingia katika bomba na yapasa kutolewa. Maji ya breki yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, nayo hunyonya unyevu hewani, kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Oili ya injini isitiwe humo kamwe. Huharibu mipira ya ndani.

Shokapu. Kwanza zisafishwe. Mchanga unaokaa kwenye ukingo wa bomba hukata sili, nayo sili iliyokatika huachia oili ishuke hadi kwenye breki. Bomba likiwa na oili mbichi kila baada ya safari, sili ibadilishwe. Oili ya shokapu huchoka kama ile ya injini: huwa nyepesi, chafu, na yenye harufu. Imwagwe na kutiwa mpya ya namba iliyoagizwa, kwa kipimo kilekile katika miguu yote miwili; itumike chupa yenye alama za mililita, wala si kukisia kwa jicho. Anayeona shokapu bado inaruka baada ya oili mpya aweza kujaribu oili nzito zaidi kwa hatua moja. Ikizidi uzito, shokapu huwa ngumu na haiwahi kurudi kabla ya shimo linalofuata.

Wapo wanaoweka kipande kifupi cha bomba juu ya springi. Hilo huinua pikipiki isizame sana inapobeba mzigo, lakini springi yenyewe haiwi ngumu zaidi. Kipande kirefu mno huzuia springi kufanya kazi. Anayetaka kufanya hivyo apime kwanza kwa uzi, aongeze sentimita 1, apime tena. Na yeyote anayefungua kifuniko cha juu cha shokapu ajue kwamba chini yake springi imekandamizwa; kifuniko hufunguliwa taratibu huku kikisukumwa chini, uso ukiwa mbali.

Mwisho wa yote, upepo wa tairi upimwe. Tairi lililolika halitengenezwi na breki yoyote.

7. Tahadhari kwa mwalimu

Wanafunzi wasipande pikipiki wala wasiisukume. Wasifungue nati yoyote ya breki au shokapu. Kazi za sehemu ya 6 ni za watu wazima. Bomba la moshi liwe limepoa. Pikipiki iliyotoka kutengenezwa breki ijaribiwe na mwenyewe kwa mwendo mdogo, mahali patupu, kabla ya kumpakia mtu.

Tahadhari nyingine ni ya ulimi. Mtoto atarudi nyumbani na kumwambia baba yake kwamba amekosea. Katika jamii zetu neno hilo halipokelewi kwa urahisi, wala si haki kumtwika mtoto mzigo wa mwalimu. Tumeona yafaa zaidi kumtuma na uzi na rula. "Baba, tumepewa kazi ya kupima shokapu. Naomba unisaidie." Baba atakayekaa juu ya pikipiki yake mwanawe akisoma rula atauliza mwenyewe maana ya kipimo.

8. Maswali ya tathmini

Kwa wanafunzi wa shule ya msingi:
1. Kwa nini abiria husukumwa mbele basi linapofunga breki?
2. Tofali moja lilihitaji mawe 9, mawili yalihitaji 18. Tofali tatu zitahitaji mangapi? Eleza.
3. Juma ana breki nzuri, lakini anaendesha juu ya kokoto. Afanye nini, na kwa nini?

Kwa wanachuo:
1. Andika andalio la kipindi cha pili kwa shule isiyo na pikipiki wala baiskeli karibu.
2. Mzazi anakuambia: "Nimeendesha miaka 20 kwa breki ya nyuma tu, na sijaanguka." Utamjibuje bila kumvunjia heshima?
3. Kumbuka jambo moja ambalo wewe mwenyewe huliamini kuhusu chombo, mmea au ugonjwa kwa sababu uliambiwa. Buni jaribio ambalo darasa la tano laweza kulifanya ili kulipima.

9. Hitimisho

Mwanachuo tuliyemtaja alipona, akamaliza mafunzo. Kabla hajaondoka alikwenda tena katika shule ile, mkono ukiwa ungali umefungwa, akaomba kipindi kimoja. Alimwita mbele mtoto aliyeuliza swali, akawaambia wanafunzi kwamba siku ile alijibu jambo asilolijua. Kisha akatoa uzi mfukoni.

Nasi katika chuo tumeibadilisha fomu yetu ya tathmini. Pale palipoandikwa "Mwalimu hujibu maswali ya wanafunzi" tumeongeza mstari mmoja chini yake: "Mwalimu huyapima majibu yake." Tunawaomba wanachuo watakaokwenda mazoezini muhula ujao wajiandae kuulizwa juu ya mstari huo, na wasione haya kuliambia darasa: "Sijui, tutapima kesho."